Siri iliyo ndani ya tindo: Moto, mafuta na hesabu ya kompyuta

MSOMAJI mpenzi, huenda nyumbani kwako kuna panga lililokatika siku ya pili baada ya kununuliwa, au kisu kinachopinda kama jani la mgomba kila kikikutana na mfupa. Bila shaka ulimlaumu fundi. Pengine ulisema, "Mafundi wa siku hizi ni wezi watupu!" Kabla hujamlaumu tena, nakuomba tuandamane hadi Magongo, huko Changamwe, tukamtazame mhunzi mmoja akiwa kazini.

Kibanda chake ni mabati manne na nguzo nne. Fuawe yake ni kipande cha reli kuukuu. Mvuo wake ni feni iliyofungwa mkanda ukazungushwa na gurudumu la baiskeli. Mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, ndiye anayelizungusha gurudumu hilo. Katikati ya makaa mmelazwa vipande vya springi za lori. Vipande hivyo vitakuwa tindo za kuchimbia visima na vyoo kule Kisauni na Likoni, ambako ukishapita udongo kidogo tu unakutana na mwamba wa matumbawe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, lakini angalia usikanyage hicho. Ni cha moto hicho."

Anaishika tindo kwa koleo, nyekundu kama jua la magharibi, na kuitumbukiza katika ndoo ya maji. Chwaaa! Mvuke unapanda. Kisha, kabla mvuke haujatulia, unasikika mlio mdogo: tak. Mzee anaitoa tindo na kunionyesha ufa mwembamba kama unywele.

"Umeisikia? Hiyo imekwisha. Jana nilitia kumi. Maji ni haya haya, makaa ni haya haya, mkono ni huu huu. Saba zilisimama, tatu zikalia. Na springi zote nimenunua mahali pamoja. Nyinyi mliosoma, mnajua ni kwa nini?"

Halikuwa swali la mzaha. Tindo inayolia ndani ya ndoo ni hasara ya makaa na jasho. Lakini ile ambayo ufa wake haukuonekana ndiyo hatari. Mwaka uliotangulia, ncha ya tindo yake moja ilikatika ndani ya kisima na kibanzi chake kikamchoma kijana mmoja chini ya jicho. Kijana alipona, alhamdulillahi, lakini wateja kadhaa hawakurudi tena. Mzee akaniambia kwamba hataki kumrithisha mjukuu wake kazi ambayo yeye mwenyewe haielewi.

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta, na nililolipata nakuletea wewe pia, msomaji, kwani linahusu kisu cha jikoni kwako, nondo za nyumba yako na reli unayosafiria.

CHUMA SI KITU KIMOJA

Kwanza tufahamu kwamba chuma tunachokitumia si chuma kitupu. Ni aloi, yaani mchanganyiko wa madini. Chuma cha pua, au feleji kama walivyoiita wazee wetu, ni chuma kilichochanganywa na kaboni, ile ile iliyomo katika makaa. Na kaboni yenyewe ni kidogo mno. Katika kilo moja ya springi ya lori mna takriban gramu sita tu, uzito wa kama kijiko kimoja na nusu cha sukari ya chai. Katika kilo moja ya nondo ya kujengea, aghalabu ni kama gramu mbili. Tofauti hiyo ya gramu nne ndiyo hufanya nondo ipindike bila kukatika, na springi ipindike kisha irudi.

Lakini kiasi cha kaboni ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mahali ilipokaa.

Mama yeyote wa Pwani aliyewahi kupika kashata analijua jambo hili bila kulisomea. Sukari ni ile ile na nazi ni ile ile, lakini ukikosea upishi, kashata huwa na chembe kubwa za sukari zinazosagika menoni. Ukifanya sawasawa, chembe huwa ndogo na kashata huwa laini. Hukuongeza wala hukupunguza kitu. Ulichobadilisha ni umbile la ndani.

Chuma pia kina umbile la ndani. Ukikata kipande, ukaking'arisha hadi kiwe kama kioo, ukakipaka asidi kidogo na kukitazama kwa hadubini, utaona chembechembe zilizopangana kama vigae vya sakafu. Ukubwa wa chembe hizo, aina zake na mipaka baina yake ndivyo vinavyoamua kama tindo itakaa au italia.

ABIRIA WA LIKONI

Chuma kitupu kina tabia ya ajabu. Kikifika joto la nyuzi 912 za Selsiasi, kingali kigumu hakijayeyuka, atomu zake hujipanga upya. Katika mpango wa kule chini ya nyuzi hizo, karibu hamna nafasi ya kaboni. Katika mpango wa juu nafasi ni tele, na kaboni hadi asilimia 2 inaweza kukaa humo. Wataalamu huuita mpango huo wa juu austeniti, kwa heshima ya Mwingereza William Roberts-Austen. Chuma chenye kaboni huanza kubadilika mapema zaidi, kwenye nyuzi 727.

Sasa fikiria kivuko cha Likoni saa moja asubuhi. Maelfu ya watu wanataka kuvuka kwenda kisiwani. Nia wanayo wote. Lakini nia peke yake haimvushi mtu. Atavuka ikiwa feri ipo na ikiwa muda unatosha.

Kaboni ndani ya tindo ni kama abiria hao. Tindo inapopoa, chuma hurudi katika mpango wake wa zamani na kuanza kuifukuza kaboni: "Hapa hapana nafasi, tafuteni pengine!" Tindo ikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kusafiri na kujikusanya katika matabaka membamba sana, tabaka la chuma, tabaka la kaboni iliyoshikana na chuma, tena tabaka la chuma. Chini ya hadubini matabaka hayo humeta kama lulu, na ndiyo maana yakaitwa perliti. Reli za treni, ile ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na hii mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Miritini, zina umbile hilo la lulu. Ni gumu, na bado ni stahimilivu.

Lakini tindo ikitumbukizwa majini, ni kama feri kusimamishwa ghafla. Abiria wote wamekwama pale walipo, wamebanana. Chuma kinajaribu kujipanga upya huku kaboni ikiwa imo ndani bado, na mpango wake wote unapotoka. Umbile hilo huitwa martensiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Ni gumu kupita kiasi, na ni jepesi kuvunjika kama kioo. Isitoshe, linachukua nafasi kubwa zaidi kuliko lile lililolitangulia. Ngozi ya tindo hupoa kwanza na kuwa ngumu. Moyo wake hufuata baadaye, huvimba na kuisukuma ngozi ambayo haiwezi tena kunyumbuka. Hapo ndipo unaposikia tak!

HESABU MBILI ZAFUNGISHWA NDOA

Haya yote wataalamu wameyajua kwa miaka mingi. Lakini swali la mzee wa Magongo lilikuwa gumu zaidi: mbona saba zilisimama na tatu zikalia?

Ili kulijibu, yahitajika hesabu ya aina mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya nia. Atomu hizi, katika joto hili, zinataka kukaa vipi ili zitulie? Elimu hiyo huitwa thamodinamiki, na msingi wake katika mambo ya aloi uliwekwa na Mmarekani Josiah Willard Gibbs katika maandishi aliyoyachapisha kati ya mwaka 1876 na 1878. Kama vile maji yanavyoteremka hadi yapate bonde, kila mchanganyiko hutafuta hali yenye nishati ndogo zaidi. Mwaka 1970 Larry Kaufman na Harold Bernstein walitoa kitabu kilichoonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kufanya hesabu hiyo. Mwaka 1981 wataalamu wa chuo cha ufundi cha Stockholm, Uswidi, wakatoa programu iitwayo Thermo-Calc. Unaipa mapishi ya aloi, yaani chuma kiasi hiki, kaboni kiasi hiki, kromiamu kiasi hiki, nayo inakwambia ni umbile gani linalotakiwa katika kila joto.

Hesabu ya pili ni ya safari. Nani atafika, kwa njia gani, na kwa muda gani? Hapa kompyuta huligawa eneo dogo la chuma, mara nyingi jembamba kuliko unywele, katika vyumba vidogo vidogo kama ufumaji wa mkeka. Kila chumba kina namba zake: aina ya umbile, kiasi cha kaboni, joto. Kisha kompyuta inapiga hatua ndogo ya wakati, inahesabu kilichotoka chumba hiki kuingia kile, inapiga hatua nyingine, na kuendelea hivyo mara maelfu kwa maelfu. Mwishowe unaziona kwenye kioo chembe zikizaliwa, zikikua na kumezana.

Kilichosumbua zamani ni mipaka baina ya chembe. Itafuatwaje mipaka inayosogea kila wakati? Dawa ilitokana na wazo ambalo John Cahn na John Hilliard walilieleza mwaka 1958. Ukienda mto Sabaki unakoingia baharini, karibu na Malindi, huoni mstari uliochorwa kati ya maji ya mto na ya bahari. Kuna ukanda ambamo yanabadilika taratibu. Ndivyo walivyoutazama mpaka ndani ya aloi: si ukuta, bali ni ukanda mwembamba. Kwa mtazamo huo, kompyuta haihitaji kuukimbilia mpaka, kwani unajisogeza wenyewe ndani ya namba. Mwaka 1993 Mjapani Ryo Kobayashi aliitumia njia ya namna hiyo kuonyesha jinsi fuwele inavyochipua matawi kama mti.

Lakini ilibaki kasoro. Uigaji wa safari, pasipo nia ya kweli, ni feri isiyojua abiria wanakwenda wapi. Na hesabu ya nia, pasipo safari, ni umati uliosimama ng'ambo bila feri. Basi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wakaanza kuzioza hesabu hizi mbili. Katika kila hatua, uigaji humwuliza mwenziwe: "Chumba hiki sasa kina joto hili na kaboni hii. Kinataka kuwa nini, na kinataka kwa nguvu gani?" Ukishajibiwa ndipo unaposogeza. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichapisha njia ya kufanya hivyo kwa aloi zenye vitu vingi kwa pamoja, na siku hizi viwanda vya magari, ndege na mitambo ya umeme huitumia mbinu hii kabla ya kuwasha tanuri.

MKOSAJI NI KROMIAMU

Turudi kwenye ndoo ya Magongo. Springi zote hufanana kwa macho: nyeusi, zimeshika kutu na zimepinda. Lakini hazikutengenezwa kwa mapishi mamoja. Nyingine ni chuma na kaboni zaidi. Nyingine zimetiwa kromiamu, mara nyingi chini ya gramu kumi katika kilo.

Ukiiuliza hesabu ya nia peke yake, itakwambia kwamba springi zote hizo, zikipoa, zinataka kitu karibu kimoja: chuma upande huu, kaboni upande ule. Tofauti haitaonekana sana. Lakini ukizifungisha hesabu zote mbili, tofauti inajitokeza wazi. Kromiamu ni atomu kubwa na nzito wa mwendo. Inapowekwa njiani, matabaka ya lulu huchelewa kuundwa. Springi isiyo nayo huhitaji maji ili iwe ngumu. Springi iliyo nayo hukwama hata ikipozwa polepole kidogo ndani ya mafuta. Ukiitia majini, inakuwa ngumu hadi moyoni na inapasuka.

Kwa hivyo mkono wa mzee haukuwa na kosa. Alikuwa akiwapa wagonjwa wawili tofauti dawa moja.

Usidhani, msomaji, kwamba kompyuta inajua yote. Hesabu hizi zinasimama juu ya maelfu ya vipimo vilivyofanywa na watu kwa tanuri na hadubini kwa miaka mingi. Ukiilisha kompyuta uongo, itakurudishia uongo uliopambwa rangi. Na mabadiliko yanayokwisha ndani ya ndoo kwa sekunde chache huenda yakachukua kompyuta siku nzima kuyahesabu. Moto bado ndio hakimu wa mwisho.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na Wajapani. La hasha! Katika karne ya 12, mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walishughulika na uchimbaji wa chuma. Na ukivuka Likoni ukashika njia ya kusini hadi Galu, baada ya Diani, utakuwa unakanyaga ardhi ambayo vyuma vyake vya kale viliwashangaza wataalamu. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba pamoja na wenzake walivikata vyuma vya kale vya Pwani, wakaving'arisha na kuvitazama kwa hadubini. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994, miongoni mwa vyuma vya Galu waligundua chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya chungu, aina ya chuma iliyosifika sana India na Sri Lanka kwa kutengenezea panga na majambia.

Fikiria jambo hilo. Umbile la ndani la kipande cha chuma lilihifadhi habari ya moto uliozimika karne nyingi zilizopita. Hakuna aliyeiandika. Chuma chenyewe ndicho kilichoandika.

Na leo je? Mwaka 2012 Eldoret ilikuwa mwenyeji wa mafunzo ya Afrika ya kuhesabu tabia za vitu kuanzia kwenye atomu zake, hesabu ambazo husaidia kuzijaza zile hazina za namba za nia nilizozitaja. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana hapo na walimu wa kimataifa. Isitoshe, zipo programu za bure, kama OpenCalphad na pycalphad, ambazo mwanafunzi anaweza kuzitia katika kompyuta ya kawaida. Kinachohitajika zaidi ni hesabu, kemia, fizikia na subira. Kwa hivyo mzazi, mtoto wako akipenda kemia na pia akipenda kuchafuka mikono katika karakana, usimwambie achague moja. Elimu hii inavitaka vyote viwili.

NILIVYOMRUDIA MZEE

Nilirudi Magongo nikiwa na maelezo yangu katika daftari. Nilimweleza mzee habari za feri na abiria. Alicheka hadi akakohoa. Kisha tukapanga jaribio, nalo nakuandikia hapa kwa faida ya mafundi wote.

Kwanza, kata kipande kidogo kutoka kila springi na ukitie alama. Kipashe moto hadi sumaku iache kukishika, karibu nyuzi 770, kisha kizidishe kidogo tu. Kitumbukize katika mafuta. Kikipoa, kisugue kwa tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, springi hiyo ni ya mafuta. Usiitie majini kamwe. Tupa ikishika na kula chuma, jaribu kipande kingine cha springi hiyo katika maji ya vuguvugu.

Pili, tindo isiachwe ikiwa imetoka kuzimwa tu. Isafishwe ing'are, ipashwe tena polepole kutoka upande wa kichwa, na macho yafuate rangi inayotembea kuelekea ncha: manjano kama majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau. Zambarau ikifika nchani, karibu nyuzi 280, joto limewaruhusu baadhi ya abiria waliokwama kusogea kidogo. Ugumu umepungua kidogo, uvunjikaji umepungua sana.

Tatu, mafuta huwaka. Yawekwe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Na miwani ya fundi si pambo. Kijana wa kisima alikosa jicho kwa upana wa kidole.

Siku hiyo mzee alitia tindo kumi. Tisa zilinyamaza. Moja ililia, na tulipoitazama tukakuta ndani ya ufa mna kutu, kumbe ulikuwapo tangu siku za lori.

Mjukuu alikuwa ameandika kila kitu nyuma ya kalenda kuukuu: namba ya springi, mafuta au maji, rangi, tupa imeteleza au imeshika. Mzee aliitwaa karatasi ile, akaitazama kwa muda, kisha akanigeukia.

"Unajua, mwanangu, babu yangu hakutia tindo majini. Alikuwa na chungu cha sifa, yale mafuta ya papa wanayopakia majahazi. Sisi vijana tuliona yananuka, tukahamia maji. Hakuna aliyetuambia kwa nini aliyatumia, na hakuna aliyeuliza."

Akamrudishia mjukuu ile karatasi na kumwambia aitundike mahali ambapo mvua haifiki.